Kondoo Kumi na Wawili wa Mama Mkwe

Jumamosi nilimsindikiza Mama Konsolata, Mrundi wa mtaa wa Spånga huku Uswidi ambaye binti yake namchumbia, kwenye matembezi ya kutazama picha za mozaiki za mtindo wa Bizanti makanisani. Nilijitolea kumtafsiria. Kiswidi changu ni cha kuosha vyombo hotelini, lakini mdomo wangu haujawahi kukubali hilo.

Kiongozi wetu alieleza kwa muda mrefu habari za mtu aliyeshika kanisa dogo mkononi. Sikuambulia kitu.

"Huyu ni fundi," nikamwambia mama. "Wazee wa kanisa waliikataa ramani yake."

Mama akasikitika. Nikanogewa. Malkia mwenye taji kwenye picha iliyofuata nikamfanya mwenyekiti wa kwaya, na kondoo kumi na wawili chini yake nikasema ni mahari yake.

Mwishoni kiongozi akakaribisha maswali. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akisema Kiswidi, akainua mkono, akakimwaga kama mtangazaji wa redio. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilielewa kila neno:

"Umesema hawa kondoo ni mitume wa Yesu. Mbona mkwe wangu anasema ni mahari?"

Kundi zima likanigeukia. Mama akanishika bega, akarudi kwenye Kiswahili.

"Mwanangu, wewe utaleta ng'ombe."