Dirisha la Dada Mkubwa

Mtaani walimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa vioo, mtu wa glavu nene na maneno machache. Ila utaratibu wake haukutokana na kazi tu. Aliogopa kufa kupita kiasi. Redio ikianza kusoma matangazo ya vifo, aliizima. Msibani alifika, akatoa mkono wa pole getini, akaaga. Nyumbani kwake neno lenyewe lilikuwa marufuku. Mkewe akitaka kusema jirani amefariki, ilibidi aseme "amesafiri," mpaka siku moja mtoto wao akauliza jirani atawaletea zawadi gani.

Kilichomwangusha kilikuwa kitu kidogo. Alikuwa akibandua fremu kuukuu kwenye nyumba ya mteja, akakanyaga msumari wenye kutu. Ulipenya soli ya raba ukamdunga kisigino. Damu haikutoka hata tone, akaendelea na kazi. Baada ya wiki moja hivi, taya likaanza kukaza. Akadhani ni jino. Kufika jioni alikuwa hawezi kufungua kinywa, na mgongo ulikuwa unajikunja wenyewe. Hospitali wakasema ni pepopunda.

Walimlaza kwenye chumba chenye giza, kwa sababu hata mlango kugongwa kulitosha kumkaza misuli mwili mzima. Mkewe alikaa mlangoni akinyamazisha watu. Daktari mmoja mwenye viatu vya kelele aliambiwa avivue, naye akavivua. Taratibu alisikia kila kitu. Siku za mwanzo alilia bila sauti, machozi yakimwingia masikioni. Halafu mchana mmoja misuli ilimbana kifua, pumzi ikakata. Alijua kabisa kinachotokea. Alimwona mkewe akiinuka, akawaza lile dirisha aliloliacha wazi kwa mteja, na mvua itakayoingia. Baada ya hapo hakuwaza tena.

Madaktari walimrudishia pumzi. Alitoka hospitali amekonda, suruali ikishikiliwa na mkanda kwa huruma tu.

Ndugu walitarajia mtu atakayeogopa hata kivuli chake. Haikuwa hivyo. Glavu alivaa kama kawaida, na alihakikisha nyumba nzima imechomwa sindano ya pepopunda. Lakini redio aliiacha isome majina mpaka mwisho. Misibani akawa anabaki, akisaidia kubeba viti.

Mwaka uliofuata, dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao alipoaga dunia, akapata saratani ya ini. Hospitali wakamrudisha nyumbani. Kila aliyeingia chumbani alimwambia, "Utapona tu," kisha akakimbilia sebuleni kulia. Taratibu alivuta kiti, akakaa.

"Afadhali wewe," dada akasema. "Hawa wengine wananiaga kila siku huku wakiniambia nitapona. Hebu niambie, mdogo wangu. Wewe ulifika mlangoni. Kukoje?"

Angeweza kumdanganya. Maneno mazuri yalikuwa tayari ulimini.

"Sikuona kitu, dada. Mwanzoni niliogopa sana, na niliumia. Lakini hofu ilichoka kabla yangu. Ilipofika ile saa yenyewe, haikuwepo."

Dada aliangalia dari. "Hofu yangu ina pumzi ndefu," akasema.

"Basi tuisubiri wote. Sasa hivi unataka nini?"

Dada akaelekeza kidevu dirishani. Lilikuwa na kioo cha ukungu, alichokiweka Taratibu mwenyewe zamani ili wapita njia wasichungulie. "Nimechoka kuona vivuli. Nataka kuona watu."

Asubuhi yake Taratibu alikuja na kioo angavu. Akatoa cha zamani, akakwangua gundi iliyokauka, akafunga kipya, kisha akageuza kitanda. Tangu hapo dada akawa na shughuli. Kila nguo iliyopita barabarani aliitolea hukumu. "Aliyemshonea yule lile gauni ashtakiwe," alisema. Wageni nao wakaanza kukaa, maana kulikuwa na la kuongea. Na katikati ya vicheko akawa anasema ya kwake: cherehani ibaki kwa binti yake, azikwe karibu na mama. "Na shemeji asipewe kipaza sauti. Mtakesha hapo."

Alifariki mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake. Muda mfupi kabla alinong'ona, "Imepungua," na Taratibu akaelewa anasema nini.

Baada ya mazishi, alikaa jikoni na mkewe.

"Huogopi tena, baba watoto?"

"Naogopa. Ila siyo kila siku." Akamgeukia. "Sikiliza, na mimi siku yangu ikifika, ningependa..."

Mkewe akamsogezea kikombe. "Kunywa chai kwanza, inapoa."

Akanywa. Kisha mkewe akavuta kiti karibu, akamwambia aendelee.