Alama ya Begani

Juzi muuguzi alipopandisha mkono wa kanzu ya mama, niliiona tena alama yake ya chanjo, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Ibra, Omani, nilipokuwa mdogo.

Wakubwa wetu wote, waliozaliwa Unguja, walikuwa nayo begani. Mimi nilidhani ndiyo alama ya Unguja, na asiyekuwa nayo si mwenzao. Basi nikajificha nyuma ya mlango, nikajikandamizia kokwa ya tende begani mpaka machozi yakanitoka.

Mama akanikuta.

"Wafanya nini, mwanangu?"

"Nataka kuwa kama nyinyi."

Akanipakata, nguo zake zinanukia udi.

"Hii ni ya chanjo ya ndui. Ndui ilimchukua mdogo wangu. Wewe hukuchanjwa kwa sababu imekwisha duniani."

Akalibusu bega langu, pale pasipo na kitu. Wala siku ile sikujua anabusu nini.