Mjomba wa Watu Wote

Kaka yangu Kasiani hajawahi kuwa mtu wa maneno, na hilo ndilo lililomponza. Mtu asiyejua kusema "siwezi", ukoo wetu unamgeuza punda, halafu unashangaa punda akilala chini.

Anafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya mikorosho huko Naliendele, kitalu cha mtu binafsi. Kazi yake ni kubebesha. Anakata kichwa cha mche mchanga, anachomeka kikonyo cha mkorosho mzazi, anafunga kwa utepe wa nailoni. Msimu ukichanganya anafunga miche mia mbili kwa siku, amekaa kwenye kigoda, mgongo umepinda. Nimemtazama nikiwa nimempelekea chakula: kisu chake hakirudii mahali pamoja mara mbili.

Sisi ni Wamakonde, na kwetu mambo mazito ya mtoto hayaishii kwa baba yake, yanapelekwa kwa mjomba. Mtoto akipelekwa jando, ni mjomba. Akifukuzwa shule, ni mjomba. Akimpa binti wa watu mimba, mjomba avae viatu aende akasimame mbele za watu. Tumezaliwa wanne: Kasiani, Anold, mimi Sabina, na mdogo wetu Upendo. Kwa hiyo watoto wangu na wa Upendo wana wajomba wawili. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Nyumbani kwetu walikuwa na mmoja tu, kwa sababu Anold ni fundi redio kule Mikindani, anatengeneza redio moja kwa mwezi na siku zinazobaki anaisikiliza.

Tumbo la Kasiani lilianza mwaka ambao mama alipata kiharusi. Yeye ndiye aliyembeba, aliyemwogesha na aliyemzika. Hajakaa, Upendo akaachika na watoto wanne, akawaleta kwake. Hajapumua, ukaja ugomvi wa shamba la marehemu babu. Miaka minne ilikwenda hivyo, na miaka yote minne alikuwa anaendesha, anakonda, anatoka damu, na hasemi. Dawa za amiba alikunywa. Za taifodi alikunywa. Akapewa na za minyoo, mtu wa miaka hamsini na moja. Mpaka siku moja akaanguka kati ya mistari ya miche, nikampeleka mimi hospitali ya rufaa, wakampitisha kipimo cha kamera.

Daktari alikuwa binti mdogo, lakini hakuzungusha maneno.

"Mama, utumbo mpana wa kaka yako umevimba na una vidonda ndani. Ugonjwa huu hauambukizi, na haukuletwa na mawazo. Ila mawazo yakikaa muda mrefu yanauamsha. Mwili unahangaika mwezi baada ya mwezi, utumbo nao haupoi."

"Utapona?" nikauliza.

"Unatulizwa. Vidonge kila siku, hata akijisikia mzima. Na hayo mahangaiko yapungue. Akiendelea kutoka damu hivi, tutafika mahali pa kuukata utumbo."

Akamwambia Kasiani anunue daftari, kila siku aandike amekwenda chooni mara ngapi, na siku hiyo kulikuwa na nini.

Nikarudi na habari hiyo kwa ndugu zangu. Ungewasikia.

"Mawazo?" Anold akasema. "Basi si ugonjwa huo. Aache kuwaza."

Wiki hiyohiyo, kwa mdomo uleule, yeye na Upendo wakaamua kwamba Kasiani karogwa. Na aliyemroga wakamjua papo hapo: mkewe Carlota, kwa sababu wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na wanawake wa ng'ambo eti wana mambo yao. Carlota huyo ndiye aliyekuwa anafua mashuka yenye damu alfajiri majirani wasione. Upendo, aliyelala nyumba hiyohiyo, hakuwahi kufua hata foronya.

Novemba, Jumapili baada ya misa, tukaitana uani kwangu Mtawanya. Watoto watano wa ukoo walikuwa wanakwenda jando likizo ya Desemba, wa Upendo watatu, wangu mmoja, na mmoja wa binamu yetu. Siku hizi anayetahiri ni mganga wa hospitali, lakini mengine yote yapo palepale: kambi, walezi, chakula cha mwezi mzima, ngoma, mavazi ya siku ya kutoka, na wageni ambao usipowaita wananuna miaka kumi. Anayebeba yote hayo ni mjomba msimamizi.

Kasiani akaja na Carlota. Chai haijamiminwa, kesha kwenda chooni mara mbili.

"Kaka, tunajua unaumwa kidogo," Anold akaanza. "Ila wewe ni kusimamia tu. Kukaa kwenye kiti na kusema fanyeni hivi. Hiyo nayo ni kazi?"

"Na ngoma tumeshasema itoke Newala," Upendo akadakia. "Ukawaone wapigaji wewe mwenyewe, kaka. Wakimwona mtu mwingine wanapiga ovyo."

Kasiani akakaa kimya. Namjua, kimya chake watu wanakipokea kama ndiyo. Anold alishaanza kupiga makofi ya kufunga kikao.

Carlota akanyanyuka, akaniwekea daftari la Kasiani mapajani.

"Wifi, wewe umesoma," akasema. "Mimi herufi zenu zinanipita. Wasomee."

Nikamtazama Kasiani. Hakunizuia. Nikasoma.

"Tarehe tatu. Mara nne. Hakuna aliyekuja. Nimelala mchana.

"Tarehe tano. Mara tisa, damu. Anold kapiga simu mara sita, anataka nifuate ngoma Newala.

"Tarehe saba. Mara saba. Anold.

"Tarehe kumi na mbili. Mara kumi na moja, damu nyingi. Mtoto wa Upendo kapigana shuleni, nimekwenda kumwombea msamaha. Nimejichafua njiani."

Upendo akatazama chini. Nikafungua ukurasa unaofuata nikasita, maana jina lililofuata nalifahamu. Ningeweza kuruka, nani angejua. Nikasoma.

"Tarehe kumi na tatu. Mara kumi, damu. Sabina kaja kusema mwanawe hawezi kutoka jando bila suti. Kakaa mpaka saa kumi."

Hiyo suti niliidai kweli. Mtoto wa miaka tisa, suti. Na mimi ndiye niliyesikia maneno ya daktari kwa masikio yangu mawili.

"Kwa hiyo mchawi ni mimi?" Anold akauliza. Kafura.

"Hakuandika mchawi," nikamwambia. "Kaandika mara tisa."

Hapo ndipo Kasiani alipofungua mdomo.

"Desemba hii mimi sisimamii."

"Kaka!" Upendo akashika kichwa. "Watu watasemaje? Watoto wetu hawana mjomba?"

"Anold huyo hapo. Tumenyonya ziwa moja."

"Mimi nina kazi," Anold akasema.

Upendo mwenyewe, pamoja na uchungu wake, akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichopitisha uamuzi, si hekima ya mtu yeyote pale.

Basi Anold akasimamia. Alikwenda Newala mara mbili, akagombana na walezi, akasahau kuni, akakonda. Watoto wakatoka jando salama, wangu na shati jeupe na kaptula, na hakuna mgeni aliyekufa kwa kuona kaptula.

Kasiani alikuwa kitaluni akibebesha, jioni anakunywa vidonge vyake na uji anaopika Carlota. Hakufurahi kama nilivyotegemea. "Najiona kama nimefukuzwa kazi," aliniambia.

"Kazi gani, ya kuharisha kwa niaba ya ukoo?"

Akanuna. Siku mbili hakunisemesha. Na kupona hajapona, asikudanganye mtu. Februari tulipokwenda kliniki alikuwa anakwenda chooni mara tatu, damu hakuna. Daktari akasema utumbo unatulia, habari ya kuukata tuiweke pembeni, vidonge asiache.

Nikampigia Anold kumpa habari hizo. Nilidhani atauliza kuhusu vidonge.

"Si niliwaambia?" akasema. "Ile chupa ya mizizi niliyomletea Krismasi. Ile si mchezo, Sabina. Nilimfuata yule mzee mganga mpaka kijijini kwake."

Chupa ile Carlota aliimwaga chooni siku ileile ilipoletwa, mimi nikishika taa ya simu kumwonyesha tundu. Sikumwambia Anold. Alikuwa analala vibaya tangu Novemba, analalamika tumbo linamsokota, na mtoto wa Upendo alikuwa amefukuzwa shule, wakamwita yeye.