Msonge Ulioanza na Kilele

Matete yaliyokatwa leo yana harufu yake, ya maji na majani mabichi, inayokaa puani mpaka unalala nayo. Mwaka ule wa utoto wangu kule Ihembe, enzi za Waingereza, harufu hiyo ilijaa kibanjani, kwenye shamba la migomba la babu, kwa sababu shangazi Kokutona alikuwa anajenga. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta kazi Uganda, mvua ikatoboa paa, naye akapanda kuliziba mwenyewe. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Akipanda, wanasema anamwita mumewe kaburini. Yule bwana aliporudi na kusikia, alimrudisha kwao na kapu lake la nguo.

Mbele yetu hakulia. Alimwomba babu kipande nyuma ya migomba, akasema atalala kwake mwenyewe. Sasa msonge wa kwetu hauanzi na ukuta. Unaanza na kilele, pale pale chini, kama mtu anayesuka kikapu kilichofunikwa. Unaongeza pete za matete, na kila pete ikifungwa watu wananyanyua. Kwa hiyo angejenga bila kupanda popote. Sisi wasichana alitukusanya, akachora duara kwa kamba na kijiti, akatia majivu kuonyesha mahali pa moto, pa kitanda, pa mbuzi, akituuliza moshi utatokea wapi. Ukijibu ovyo anafuta kila kitu, unaanza upya. Mimi shule niliiona mlangoni tu. Niliyosoma ni hiyo.

Pete za mwanzo tulinyanyua sisi. Zilipotushinda uzito akawaita wanaume, akawapikia ndizi na maharage, akawamiminia rubisi. Walikula, wakanywa. Kisha jirani mmoja mwenye tumbo akajifuta mdomo.

"Mwenye nyumba aje, tumwinulie."

"Mwenye nyumba ndiye aliyekumiminia pombe," shangazi akamjibu.

Wakacheka mpaka wakakohoa, wakaondoka mmoja mmoja. Babu hakumwita hata mmoja arudi, na hilo lilimuuma shangazi kuliko kile kicheko.

Matete yale yalibaki chini masika yote, mchwa wakayala. Shangazi alilala jikoni kwa babu, kifua kikambana, na kahawa haijaiva tukamzika.

Leo mjukuu wangu ni msanifu wa majengo, tena anafundisha wengine chuoni Dar es Salaam. Nasema kwa majivuno na sioni haya. Juzi alisimamia jengo Rubwera, mafundi wanaume juu ya paa, yeye anaelekeza, wao ni ndiyo mama, sawa mama. Jioni alikaa nami akachora msonge wa shangazi jinsi nilivyomweleza, awaonyeshe wanafunzi wake. Aliupatia kweli. Halafu akanigeukia.

"Na ndani, bibi, mwanga ulikuwaje?"

Nikamwambia sijui. Hakuna aliyewahi kusimama ndani.