Fundi Aliyekaa Chini ya Baraza

Mwalimu Oliva alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja pale Dongobesh, na katika muda wote huo hakuna mtoto aliyefanikiwa kumdanganya kuhusu kazi ya nyumbani. Ndiyo maana aliona aibu kubwa siku alipodanganywa na fundi.

Nyumba yake iko kwenye mteremko. Mlango wa sebuleni unatazama bonde, lakini ukivuka kizingiti unakutana na ngazi saba za mawe, kila moja na kimo chake. Mumewe, Bonaventura, alizipanda na kuzishuka bila hata kuzitazama, hadi kiharusi kilipompiga. Upande wa kushoto ukakataa kurudi. Akawa mtu wa kiti mwendo, na kiti mwendo hakishuki ngazi. Kwa mwaka mmoja na nusu, mwanamume aliyekuwa ameongoza kwaya ya kigango tangu ujana wake alikuwa akiliona bonde kupitia dirisha tu.

Oliva akaamua kujenga baraza la mbao nje ya mlango ule, juu ya nguzo, sawasawa na sakafu ya sebule, ili mumewe atoke mwenyewe bila kubebwa.

Fundi wa kwanza alikuwa na maneno matamu na simu iliyojaa picha za nyumba za kifahari. "Hizi zote ni kazi za mkono wangu, mama," alisema. Akafukia nguzo kwenye udongo mtupu, akapigilia mbao juu yake, akaaga. Mvua zilipofika, nguzo mbili zilizama. Asubuhi moja Oliva alikuwa akianika maharage pale juu, ubao ukakatika, mguu wake ukatumbukia hadi gotini na goti likachubuka. Fundi hakupatikana tena kwenye simu. Binti yao, Brightness, alipozitazama zile picha ambazo fundi alikuwa amemtumia mama yake, alicheka kwa hasira. Zilichukuliwa mtandaoni.

Bonaventura hakulaumu mtu. Alisema tu, "Acha, mama Brightness. Ndani kunanitosha."

Maneno hayo yalimuuma Oliva kuliko lile goti.

Safari ya pili hakutaka kuonyeshwa picha na mtu yeyote. Aliposikia sifa za fundi aitwaye Margwe, alipanda basi hadi Haydom bila kumwarifu, akaenda kuangalia kazi zake. Kazi mpya alizipita. Alitafuta zile zilizokwisha kunyeshewa miaka mitano au sita, akazipanda, akaruka juu yake, akachokoa miguu ya nguzo kwa ncha ya mwavuli. Kisha aliwauliza wenye nyumba swali moja: "Mlipomwita baada ya kumlipa, alirudi?"

Scolastica, mwenye duka la vitambaa, alimjibu, "Hatukumwita, Mwalimu. Alikuwa anapita, akaona ngazi yangu imepata ufa. Akaenda kuchukua vifaa, akairekebisha. Mimi mwenyewe sikuwa nimeuona."

Oliva akaomba namba ya simu.

Margwe alifika wiki iliyofuata, mtu mfupi wa miaka arobaini hivi, mkimya. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Kazi yenyewe ni hii hapa."

Hakuitazama kazi. "Naomba kwanza nimwone mzee atakayekaa juu yake."

Yule wa kwanza hakuwahi hata kuuliza jina la Bonaventura. Margwe aliingia, akamwamkia, akavuta kigoda, akaketi hadi macho yake yakawa sawa na ya mgonjwa. Akapima upana wa kiti mwendo. Akapima pia urefu kutoka sakafuni hadi kwenye macho ya Bonaventura.

"Hicho kipimo ni cha nini?" Bonaventura aliuliza.

"Cha uzio, mzee. Nikiuweka juu sana, utakaa nje ukiangalia mbao."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Oliva alimsikia mumewe akicheka.

Margwe akatoka nje, akafuata njia ya maji ya mvua hadi chini ya mteremko, akapapasa mbao mpya ambazo Oliva alikuwa amezirundika kando ya ukuta. Akatikisa kichwa.

"Hizi ni mbichi. Nikizipigilia leo, zitapinda zote. Zipangwe kivulini, zipitishiwe hewa. Nitarudi baada ya miezi miwili."

"Miezi miwili! Huoni kama utapoteza kazi?"

"Bora niipoteze, Mwalimu, kuliko niiharibu."

Nikolausi, mdogo wake Bonaventura, aliposikia hayo alimwambia Oliva waziwazi, "Shemeji, huyo naye amekwenda. Halafu, kijijini hapa nani anajenga jukwaa la mikutano mlangoni?" Oliva alizipanga zile mbao kama alivyoelekezwa.

Miezi miwili ilipotimia, Margwe aligonga mlango saa moja asubuhi. Alibomoa lile baraza bovu, akachimba mashimo mpaka akafika kwenye ardhi ngumu, akamwaga zege, akasimamisha nguzo juu ya vyuma ili miguu yake isiguse udongo. Alifunga kwa bolti mahali ambapo mwenzake alitumia misumari. Oliva alikagua kila siku kama anayesahihisha madaftari. Siku moja alionyesha ubao mmoja na kusema una fundo bovu. Margwe aliinama, akautazama, akaung'oa. "Umeniwahi," alisema.

Kazi ilipokwisha, ilikuwa Jumamosi. Nikolausi alilizunguka baraza akilitikisa huku na huku. "Litabeba watu wangapi hili?"

"Waite unaowataka," Margwe alisema. "Mimi nitakaa chini yake."

Oliva alijua watu wa kuwaita. Kesho yake, baada ya ibada, kwaya nzima ya kigango ilipanda mteremko, watu ishirini na wanane na ngoma zao, wakajipanga juu ya baraza. Margwe, akiwa na shati lake la Jumapili, alijipenyeza chini ya mbao akaketi kwenye jiwe, mikono magotini.

Mlango ulifunguka. Bonaventura alisukuma gurudumu kwa mkono wa kulia, polepole, akavuka kizingiti bila kishindo, akatokea kwenye jua. Hakuna aliyemshika. Alitazama bonde lote mpaka barabara ya Haydom, akageuka, akawatazama waimbaji wake. Akainua mkono.

Wakaimba. Aliposhusha mkono kwa nguvu wakapiga miguu, watu ishirini na wanane kwa pamoja, na wale wa sauti ya nne, ile nzito, wakaanza kuruka. Vumbi lilitoka kwenye paa la jikoni. Baraza halikulia hata kidogo. Nikolausi, aliyekuwa amesimama mbali kwa usalama wake, alisahau tahadhari, akapanda, akajiunga na sauti ya nne ingawa hakuwa mwanakwaya.

"Fundi!" Oliva aliita akiinama kwenye uzio, machozi yakimtiririka. "Bado uko salama?"

"Niko salama, Mwalimu! Waambie waongeze!"

Wakaongeza. Bonaventura hakuwaruhusu kupumzika mpaka wimbo wa tano.

Sasa mazoezi ya kwaya hufanyika pale kila Alhamisi, na Bonaventura ndiye mwongozaji. Na Oliva amepata kazi mpya ambayo hakuiomba. Watu wa Dongobesh wanaotaka kujenga humfuata kwanza yeye, awakagulie fundi. Wiki iliyopita alikwenda kwa ajili ya mjane mmoja, akiwa na mwavuli wake mkononi. Fundi aliyetaka kumjengea mjane alianza kufungua simu amwonyeshe picha.

"Weka mfukoni, mwanangu," Oliva alimwambia. "Twende ukanionyeshe ya zamani."