Nusu ya Maneno ya Mama Gati

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliwabatiza watoto watano wa mbwa, na kisa hicho nimekisimulia mara nyingi kwenye arusi na matanga kwa sababu watu hukicheka mpaka wakashika mbavu. Huwa naishia pale pa kicheko. Yaliyofuata sijamsimulia mtu, hata marehemu mume wangu. Nayaandika leo nikiwa na aibu ileile ya siku zile, ila sasa ni aibu ya mtu mzima anayejua vizuri alichokifanya.

Nyumbani kwetu ni upande wa Homa Bay, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kufika misheni ya Asumbi. Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya. Mbwa wetu aliitwa Karani, ingawa alikuwa jike, kwa sababu alizoea kukaa mlangoni akimkagua kila aingiaye kama anayemwandika kwenye daftari. Alizaa mara yake ya kwanza chini ya ghala la mtama. Baba alikuwa kazini Kericho kwenye majani chai, na Mama alikuwa amekwenda Uriri kwenye matanga ya mjomba wake. Tulibaki mimi na Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu mzaa baba.

Dani alinionya siku hiyohiyo. Mtoto wa mnyama ambaye hajafungua macho hashikwi, hasifiwi, wala hapewi jina. Alisema kiumbe kama huyo bado hajaamua kama atakaa au atarudi alikotoka, na ukimwita jina unamshtua, anaondoka. Nikaitikia kwa adabu zote.

Tatizo ni kwamba nilikuwa na mwalimu mwingine. Nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, na katekista wetu alikuwa ametufundisha kwamba palipo na hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi awe na maji na nia njema. Hakusema lolote kuhusu mbwa, nami sikumwuliza. Nilichoona ni kwamba yule mdogo kuliko wote alikuwa dhaifu, anasukumwa na wenzake kila akitafuta titi, na kwamba akifa vile angekufa mpagani.

Basi asubuhi ya pili, Karani alipokwenda jalalani kutafuta vichwa vya samaki, nilichukua maji kwenye kata. Na kwa kuwa padri hupaka mafuta, nilichukua chupa ndogo ya mafuta ya nywele ambayo Baba alimletea Mama wakati wa Krismasi. Yalikuwa na harufu kali ya maua, na Mama aliyapaka siku za sikukuu tu. Niliwabatiza Petro, Paulo, Maria, Marta, na yule dhaifu nikamwita Yosefu. Niliwapaka kwenye paji la uso na kifuani, kisha nikaona mafuta yamebaki mengi mkononi, nikawapaka na tumbo. Hapo ndipo watu hucheka.

Nilikuwa najifuta mikono kwenye gauni Mama Gati alipoingia uani na kigae chake kuomba moto. Alikuwa jirani yetu, Mkuria kutoka Kehancha, aliyeolewa na mtu wa kwetu ambaye naye alikuwa mbali kazini. Kijaluo hakikumkaa mdomoni, kwa hiyo na Dani walizungumza Kiswahili. Binti yake, Gati, alikuwa darasa moja na mimi. Mama Gati aliinama chini ya ghala, akatazama, akacheka kidogo, akasema maneno yake, akachukua makaa jikoni akaenda zake.

Karani aliporudi alinusa watoto mmoja baada ya mwingine. Akapiga chafya. Akarudi nyuma, akazunguka ghala lote kama anayetafuta watoto wengine, kisha akaenda kulala kwenye migomba. Nilimbeba Yosefu nikampelekea, akaninguruma. Kufikia mchana wote watano walikuwa wakilia kile kilio chembamba ambacho hakina nguvu ya kuwa kelele. Dani alimkamata Karani, akamlaza, nami nikaweka watoto kwenye matiti, lakini alijitupa hata akamng'ata Dani mkono.

Dani alikuwa mnusaji wa ugoro tangu ujana wake na pua yake ilikuwa imekufa zamani. Angeweza kumbusu Petro asisikie ua lolote. Alikaa kwenye kigoda, akafunga mkono wake kwa kitambaa, akaniita mbele yake.

"Umewashika?"

"Hapana, Dani."

Huo ndio uongo pekee niliousema siku ile. Mengine yote yalikuwa kweli.

"Nani amekuja hapa?"

"Mama Gati. Alikuja kuomba moto."

"Aliwaona?"

"Aliwaona. Aliinama."

"Akasema nini?"

Nilikumbuka maneno yote. Nilikata nusu, nikampa nusu.

"Alisema, wazuri hawa."

"Akatema mate?"

"Hakutema."

Kwetu kuna watu ambao jicho lao likisifu kitu linakiharibu. Chakula kinageuka tumboni, maziwa yanakauka, mtoto anashindwa kunyonya. Tunaita sihoho. Mtu asiye na nia mbaya husifu kisha akatema mate kidogo kando, ili kuondoa ubaya. Mama Gati hakulelewa na desturi hiyo, angejuaje? Lakini mimi nilijua, na niliona uso wa Dani ukipata jibu, nikahisi nafuu. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Sikuogopa wala sikusikitika, nilipata nafuu.

Ng'ombe wetu alikuwa amekauka maziwa. Tuliwaweka watoto kwenye chungu kilichovunjika, juu ya matambara, karibu na mafiga, tukawadondoshea uji mwepesi kwa ncha ya kitambaa. Uliwatoka puani. Kesho yake asubuhi Petro na Yosefu walikuwa wamekufa, wamekauka kama vijiti.

Ndipo Mama Gati akaja tena, na kibuyu cha maziwa ya mbuzi wake, bado yana povu. Nadhani Gati alikuwa amemwambia, maana darasa letu lilisoma alasiri, na jana yake nilikuwa nimelia shuleni. Dani alimzuia kwenye ua.

"Rudi na maziwa yako, Mama Gati. Jicho lako limetosha."

Mama Gati hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Alinitazama mimi, nilikuwa nimesimama nyuma ya Dani na gauni lilelile, na bila shaka bado lilikuwa na harufu. Alinipa muda. Najua alinipa muda, kwa sababu alisimama pale muda mrefu kuliko mtu aliyefukuzwa anavyosimama. Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Sawa, Mama," akamwambia Dani. "Wapeni joto. Na wafuteni tumbo kwa kitambaa cha maji moto, kama mama yao anavyowalamba. Bila hivyo hawakojoi."

Aliweka kibuyu chini, akaondoka. Dani alikimwaga. Maziwa yalikaa kidogo juu ya udongo kabla ya kuzama, na ndani ya nyumba Maria, Paulo na Marta walikuwa wakiendelea kulia. Ningeweza kusema wakati ule. Yalihitajika maneno mawili tu, na chupa ilikuwa pale pale kwenye sanduku la Mama.

Maria na Paulo walikufa kabla ya saa sita. Nilimchukua Marta, nikamtia ndani ya gauni, nikamwambia Dani nakwenda kumzika pamoja na wenzake. Nilipita nyuma ya migomba hadi kwa Mama Gati. Alikuwa anapembua wimbi. Nilimtoa tu. Alimpokea, akamsogeza puani, akamnusa shingoni na tumboni.

"Huyu ameanza kuacha kunukia," akasema.

Aliwasha moto, akapasha maziwa, akachovya utambi wa pamba, na Marta akanyonya. Nilikaa pale nikilia, naye akaniacha nilie bila kuniuliza. Labda alidhani nikimaliza nitasema.

Sikusema. Dani alikuwa amekwisha kulisimulia jambo hilo kisimani. Kabla ya wiki mbili kwisha, wanawake walikuwa wakifunika vyungu Mama Gati akipita. Hakuna aliyempa tena makaa, ikambidi awe analala na moto kama mgonjwa. Shuleni watoto walimwambia Gati asitazame viazi vyao, na Gati, aliyekuwa mcheshi kuliko sisi sote, akaanza kula akiwa ameelekea ukutani. Nilikaa dawati la nyuma yake. Nilizoea kuuona mgongo wake.

Kwenye maungamo yangu ya kwanza nilimwambia padri kwamba niliiba mafuta ya Mama. Akanipa Salamu Maria tatu. Nilizisali zote, tena polepole.

Mvua za masika hazijaanza, Mama Gati akarudi kwao Kehancha na binti yake. Mbuzi wake alimwuza. Marta alimfuata nyuma, mnene, mkia juu, na hakuna mtu aliyejiuliza yule mbwa alitoka wapi. Dani alikufa miaka mingi baadaye akiamini alituokoa.

Mwanangu ni daktari wa mifugo. Niliwahi kumwuliza, kama mzaha, kwa nini mbwa akatae watoto wake. Akasema anayezaa mara ya kwanza anaweza kukataa kwa woga tu, na harufu ngeni inaweza kuchangia au isichangie. Alifurahi kunifundisha. Ningefarijika kama anayenisumbua angekuwa mbwa.

Niliwahi kufika soko la Kehancha na kumwulizia Mama Gati. Muuza ndizi alicheka, akaniuliza Mama Gati yupi, maana huko akina Gati ni wengi. Nikatafuta la kumtambulisha nalo, na sikuwa na jingine ila lile la jicho, nililompachika mimi. Nikanunua ndizi nikarudi nyumbani.

Watu wanapomaliza kucheka, huwa kuna mmoja anayeniuliza wale watoto wa mbwa waliishia wapi. Mimi humjibu kwamba mama yao aliwakataa. Hilo nalo ni kweli, na kwa kweli za namna hiyo nimeishi maisha yangu yote. Kwa hiyo wacha niyaandike maneno yake yote, kama alivyoyasema akiwa ameinama chini ya ghala letu, kigae mkononi, akicheka: "Wazuri hawa. Na wananukia kuliko bibi arusi. Osha mikono, mwanangu, nyanya yako asijue."