Swali Moja kwa Vibuyu Viwili

Mwalimu wa shule ya serikali pale Rumonge alisema mdogo wangu ana kichwa cha kokwa la mchikichi: kigumu nje, ndani mafuta matupu. Alisema hivyo mbele ya darasa zima. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, mtoto wa miezi minne ananyonya, nimemletea mdogo wangu muhogo wa mchana. Nikamwambia mwalimu, kupitia dirisha lile lile, kwamba mafuta hayo ndiyo anayopikiwa mboga kila siku. Darasa likacheka. Akanijibu kwamba mwanamke mwenye maziwa kifuani akae na maziwa yake.

Sijamsamehe, na siandiki haya ili nimsamehe.

Mkaguzi Mdachi alikuwa anakuja kutoka Usumbura baada ya wiki mbili. Kila mwanafunzi wa darasa la juu angeandika insha mbele yake, ya kulinganisha vitu viwili. Atakayeshindwa anatolewa shule, na akishatolewa hana udhuru tena wa kazi ya lazima: nyapara wa barabara anamchukua kupasua mawe. Mwalimu alikwishatangaza watatu wa kutolewa. Mmoja ni mdogo wangu, niliyemlea mimi tangu mama yetu afariki. Wa pili ni mtoto wa mvuvi wa Magara. Wa tatu alitoka Gatete, ambako baba yake alivua samaki na mama yake alilima.

Mimi nilisoma Ujiji madarasa yote yaliyokuwepo, msichana peke yangu kwenye benchi la nyuma, kisha nikaolewa Rumonge na cheti changu kikalala sandukuni chini ya kanga. Nikawaambia wale watatu waje uani kwangu kila wakitoka shule, na karatasi zao mbovu.

Walikuwa wameandika juu ya mvuvi na mkulima. Yule wa Magara alimsifu mvuvi kuanzia juu ya karatasi hadi chini, na pale nafasi ilipokwisha akaongeza: mkulima naye ni mtu. Mdogo wangu alichanganya kila kitu kama kande. Mvuvi ana wavu, mkulima huamka mapema, samaki wananuka, jembe ni la chuma. Yule wa Gatete aliandika kwamba wote wawili ni viumbe vya Mungu na hawana tofauti. Juu ya karatasi zote tatu mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili kwa wino mwekundu: haina mpango. Mpango ni kitu gani, hakumwambia hata mmoja. Hapo ndipo damu yangu ilipochemka.

Lakini na mimi nilianza vibaya. Niliwafundisha nilivyofundishwa: utangulizi, kiini, tamati. Wakaitikia kwa adabu, wakarudia makosa yale yale kwa mwandiko mzuri zaidi. Siku ya nne nusura nimwite mdogo wangu kokwa. Neno lilifika kwenye meno nikalimeza, na liliniuma likishuka.

Jioni hiyo hiyo mama mkwe, ambaye aliniita bibi karatasi tangu siku ya harusi, aliletewa kibuyu cha mawese na mwanamke aliyejisifu kwamba mafuta yake yanashinda yetu. Mama mkwe hakubishana. Alikiweka kibuyu chetu kando ya kile. Akatazama rangi ya haya, kisha rangi ya haya. Akanusa haya, akanusa na haya. Akapasha moto tone la huku na tone la huku, asikie lipi linalia kwa maji yaliyomo ndani.

Yule wa Magara akamwuliza kwa nini hamalizi kibuyu kimoja kwanza.

"Mutoto wangu," mama mkwe akasema, "ukiuliza hiki rangi na kile harufu, umelinganisha nini? Swali moja, vibuyu viwili. Ndiyo uende swali lingine. Na ukimaliza useme haya iko ya kupikia, haya iko ya sabuni. Usipanguse tu vidole ukaondoka."

Nilichukua kibao, nikapiga mstari katikati. Huku mvuvi, huku mkulima, na kando maswali: anaanza kazi lini, anashika chombo gani, anaogopa nini, ananuka nini, mvua ikinyesha anafanya nini. Hakuna kuvuka kwenda swali la pili kabla pande zote mbili hazijajibu la kwanza. Yule wa Gatete akagoma kwenye swali la harufu.

"Dada, nikiandika mvuvi ananuka, baba atanuna."

"Mkulima je, hanuki?"

Akafikiri. "Ananuka samadi."

"Basi andika yote mawili. Hakuna atakayenuna peke yake."

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Tangu siku hiyo hawakuwa watu wa kusukumwa tena. Walilinganisha kila kitu, hata mimi na mama mkwe, na tukawafukuza.

Siku ya mkaguzi nilisimama dirishani pangu, mtoto mgongoni. Aliwapa wote swali moja: kwenda Usumbura kwa mtumbwi na kwenda kwa miguu. Nilimwona mdogo wangu akipiga mstari katikati ya kibao kabla ya kuandika neno lolote. Mkaguzi aliisoma insha yake kwa sauti, hadi mwisho: mwenye mzigo apande mtumbwi, mwenye maneno mengi apite kwa miguu, atapata wa kuzungumza naye kila kijiji. Mdachi yule alicheka. Wote watatu walibaki shuleni. Nyapara akatafute wengine.

Wiki iliyofuata wanafunzi wawili wapya walisimama mlangoni kwangu na karatasi zenye wino mwekundu. Mwalimu ndiye aliyewatuma. Nikawarudisha. Nikasema akaambiwe aje mwenyewe, abishe hodi kama watu.

Alikuja. Alipiga hodi mara ya kwanza, nilikuwa nanyonyesha. Akapiga ya pili, nilikuwa bado nanyonyesha. Mama mkwe, aliyekaa kando yangu, alinishika goti nisiinuke.

Ya tatu ndiyo nikaitikia karibu, na maziwa yangu kifuani.